Medali ya Ali na Mto Ohio: namna ya kusoma kitabu cha bingwa unayempenda

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kocha wa ngumi hapa Mabibo. Nina vijana kumi na wanne, wengi wanasoma sekondari, wawili ni bodaboda. Aliyenifanya nivae glovu ni Muhammad Ali. Marehemu baba alikuwa akitusimulia jinsi Ali alivyoitupa mtoni medali yake ya Olimpiki baada ya kunyimwa chakula kwenye mgahawa wa Wazungu, na mimi nimewasimulia vijana wangu vivyo hivyo kwa miaka tisa. Mwezi uliopita nilikiona kitabu chake cha 1975 kwa wauza vitabu vya mitumba pale Samora. Nikakinunua, nikakuta kisa ni kile kile, tena kwa kirefu, nikafurahi kama nimemkuta baba. Nikawasomea vijana. Mmoja akatoa simu, akapekua dakika mbili, akasema mbele ya wenzake: 'Kocha, hiyo kamba.' Nilikuwa nimefika katikati ya kitabu, nikakiweka. Je, nimedanganywa? Nikimalize au nikiache? Na vijana niwaambie nini?"

Marahaba, Kocha, na pole. Najua inavyouma kuambiwa na mtoto uliyemfundisha kusimama ulingoni kwamba baba yako alikuwa anapiga kamba.

Tuanze na medali yenyewe, maana ndiyo iliyokufanya ukiweke kitabu. Kijana wako yuko karibu na ukweli kuliko kitabu. Cassius Clay, kabla hajaitwa Muhammad Ali, alishinda dhahabu ya uzani wa kilo 81 mjini Roma tarehe 5 Septemba 1960, kwa pointi, dhidi ya Mpolandi Zbigniew Pietrzykowski. Alikuwa na miaka 18. Medali ile alikuwa haivui: alitembea nayo, akala nayo, akalala nayo. Kisha ikafika siku haikuwepo. Kitabu cha 1975, The Greatest, kinasema alinyimwa huduma kwenye mgahawa wa mjini kwao Louisville, akaandamwa na genge la Wazungu wenye pikipiki, wakapigana, halafu akaenda darajani akaitosa medali kwenye Mto Ohio. Watu waliokuwa karibu naye wakaja kusema baadaye kwamba medali ilipotea tu, kama vitu vinavyopotea kwa kijana asiyetulia mahali pamoja. Mwaka 1996, kwenye Olimpiki ya Atlanta, wiki mbili baada ya kuwasha mwenge huku mkono ukimtetemeka, alikabidhiwa medali nyingine wakati wa mapumziko ya fainali ya mpira wa kikapu, badala ya ile ya kwanza. Kwa hiyo ukinibana kwenye kona nitoe hukumu, nitasema haikutupwa.

Ila usimkabidhi kijana ushindi wa mapema. Kwenye kisa kile kuna vitu viwili vimefungwa pamoja, medali na mgahawa, na simu yake imegusa kimoja tu. Mgahawa ulikuwepo. Louisville ya 1960 ilikuwa na migahawa mingi ambayo mtu mweusi haketi, awe na dhahabu shingoni au awe na jembe begani. Sheria ya Marekani nzima iliyokataza ubaguzi wa namna hiyo ilipita 1964, miaka minne baada ya Roma. Kijana aliyerudi na medali ya nchi yake akakuta nchi yenyewe haimpi kiti cha kukalia, huyo hahitaji mto ili awe wa kweli.

Nikusimulie jambo lililonifundisha kusoma vitabu hivi. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia mkimbiaji mmoja mstaafu kuandika maisha yake. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa barazani kwake Magomeni na kinasa sauti, chai ya maziwa na vitumbua katikati yetu. Yeye anazungumza, mimi nanyamaza. Kisa chake kikubwa kilikuwa mbio alizokimbia pekupeku akawaacha vijana wa jeshi waliovaa viatu vya njumu. Alikisimulia vizuri sana. Wiki iliyofuata akakisimulia tena, vizuri zaidi. Nikaenda maktaba kutafuta gazeti la siku zile, nia yangu ikiwa kupata tarehe tu. Nikapata na picha. Mzee wetu yupo kwenye utepe, kifua mbele, mikono juu, na miguuni ana viatu.

Nakala ya picha ile nilikaa nayo wiki mbili sijui niseme nini. Nilipomwonyesha, aliivuta karibu na macho, akacheka mpaka akakohoa. "Viatu vya kuazima hivi," akasema. "Niliazima asubuhi, vikanibana njia nzima, jioni nikavirudisha. Mimi sikuwa na viatu, Mwalimu. Ulitaka niseme nilikuwa navyo?"

Tangu siku hiyo nikikutana na jambo lisilokaa sawa kwenye kitabu cha bingwa, siulizi kwanza kama ni kweli au uongo. Nauliza msimulizi alikuwa analihitaji kwa kazi gani. Yule mzee alihitaji miguu mitupu kwa sababu umaskini wake ulikuwa wa kweli na picha ilikuwa inaukanusha. Sasa tumuulize Ali swali hilo hilo: mwaka 1975 alihitaji medali iwe mtoni kwa ajili gani?

Hapo ndipo inabidi uangalie kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Chukua kitabu chako utazame jalada. Pamoja na jina la Ali utaona jina la Richard Durham. Huyu alikuwa mwandishi wa michezo ya kuigiza ya redio kutoka Chicago, mtu mwenye kipaji hasa, na aliwahi kuwa mhariri wa Muhammad Speaks, gazeti la Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu weusi wa Marekani. Mhariri wa upande wa wachapishaji alikuwa Toni Morrison, ambaye mwaka 1993 alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Na kurasa zilipita mikononi mwa Herbert Muhammad, meneja wa Ali, mtoto wa Elijah Muhammad aliyekuwa kiongozi wa jumuiya ile. Kwa hiyo kila uliposoma "mimi nilifanya", Kocha, walikuwa wanazungumza watu wanne.

Hilo lisikutishe. Mabingwa wengi wanaandikiwa, kama ambavyo mabondia wengi hawajifungi bandeji wenyewe. Wala wingi wa majina kwenye jalada haukupi kipimo cha ukweli. Mcheza tenisi Andre Agassi alitoa kitabu chake mwaka 2009 akisaidiwa na J. R. Moehringer, na Moehringer mwenyewe ndiye aliyekataa jina lake liwekwe mbele. Ukikisoma unakuta Agassi anasema aliuchukia mchezo uliomtajirisha, kwamba alitumia dawa za kulevya mwaka 1997 akawadanganya wakubwa wa tenisi, na kwamba kwenye fainali ya Ufaransa ya 1990 alivaa nywele za bandia akawa anaomba zisidondoke uwanjani. Jina moja juu, watu wawili ndani, na aibu yote imeanikwa kambani.

Kwenye darasa la fasihi tunatenganisha tawasifu, maisha ya mtu kwa kalamu yake mwenyewe, na wasifu, maisha yake kwa kalamu ya mwingine. Shaaban Robert alituachia vyote viwili: aliandika maisha yake, na akaandika ya Siti binti Saad. Kitabu cha mwanamichezo kinakaa kwenye kizingiti cha vyumba hivyo viwili, mguu mmoja huku na mwingine kule. Ukishajua hivyo unaacha kukidai kiwe kitu kisichokuwa.

Turudi mwaka 1975. Katazame kitabu kimetoka lini: mwaka mmoja baada ya Kinshasa, ambako tarehe 30 Oktoba 1974 Ali aliegemea kamba raundi kwa raundi, akamwachia George Foreman ajichoshe kwa kumpiga, akamwangusha raundi ya nane. (Kijana wako akisema "kamba" tena, mwambie kuna kamba zilizorudisha ubingwa.) Dunia nzima ilikuwa inataka kujua huyu mtu ametoka wapi. Na jambo kubwa katika maisha yake kabla ya Kinshasa lilikuwa Houston, tarehe 28 Aprili 1967, alipoitwa jina ili aingie jeshini akakataa kupiga hatua mbele. Akanyang'anywa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano jela, ingawa alibaki nje kwa dhamana, akakaa bila kupigana mpaka Oktoba 1970. Mahakama Kuu ya Marekani ilimfutia hatia mwezi Juni 1971.

Sasa jiweke kwenye kiti cha Durham. Unaandika maisha ya mtu aliyelikataa jeshi la nchi yake mwaka 1967. Msimulizi yeyote mzuri atatafuta mbegu ya mti huo. Aliyeukataa wito wa taifa akiwa na miaka 25 inapendeza awe alishaikataa nishani ya taifa akiwa na miaka 18. Kitabu kilihitaji mwanzo unaofanana na kilele chake. Medali ikabidi izame.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu kwamba mwaka muhimu kwenye tawasifu ni ule iliyoandikwa. Miaka inayosimuliwa inakuja baadaye. Kitabu chako kinajifanya kinakuonyesha Louisville ya 1960, kumbe kinachokuonyesha waziwazi ni Ali wa 1975 na watu waliomzunguka. Ukitaka kuhakikisha, linganisha na kitabu alichotoa mwaka 2004 pamoja na binti yake Hana, mzee tayari, mwili umeshachoka. Humo anasema kumpa kisogo Malcolm X, aliyekuwa mhubiri wa jumuiya ile ile, ni miongoni mwa makosa anayoyajutia kuliko yote. Walikuwa marafiki wa kushibana. Malcolm alipojitenga na Elijah Muhammad mwaka 1964, Ali alibaki upande wa Elijah, na walipokutana Accra mwezi Mei mwaka huo akampita rafiki yake kwa ubaridi. Malcolm alifika mpaka hapa Dar mwezi Oktoba mwaka ule ule, akaonana na Mwalimu Nyerere. Februari 1965 alikuwa ameshauawa. Neno la majuto kama lile sioni lingepita wapi kwenye kitabu ambacho kurasa zake zinapitiwa na mtoto wa Elijah. Ilibidi lisubiri karibu miaka 30. Mtu ni yule yule, maisha ni yale yale, vitabu viwili.

Kuna upande mwingine ambao Waingereza na Wamarekani wanaoandika juu ya Ali wanauona kama ajabu, ila sisi haupaswi kutushangaza: majigambo. Mtu anasimama anajisifu kwa sauti, ametenda hiki, ameua kile, hakuna kama yeye, na hadhira haimwiti muongo. Wahaya wanayo majigambo ya mashujaa yenye kanuni zake. Pwani tunaye Fumo Liyongo, aliyetoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Hakuna mtu Lamu aliyewahi kudai aonyeshwe ile tupa. Ali alipokuwa anapayuka kwa mashairi kwamba yeye ni mzuri wa sura na mpinzani ataanguka raundi fulani, baba yako alimwelewa kwa sikio la nyumbani. Kisa cha mto alikipokea kwa sikio hilo hilo, akakupa wewe kama urithi. Mimi sioni uongo wa baba yako uko wapi.

Lakini hapa lazima nisimame nijibishe mwenyewe. Liyongo yumo ndani ya utendi, na utendi unajitambulisha mapema kwamba ni utendi. Kitabu cha Ali kiliuzwa kama maisha yake, na mto una jina, daraja lina jina, ukweli wake unadaiwa. Msomaji aliyetoa fedha yake ana haki ya kuuliza. Kwa hiyo majigambo yanakusaidia kuelewa ladha ya kitabu. Hayalifuti swali la kijana wako.

Na lipo jambo zito kuliko medali, ambalo sikuona ukilitaja. Medali ikizama au isizame, hakuna aliyeumia. Joe Frazier aliumia. Ali alipofungiwa, Frazier alimsaidia kwa fedha na akamtetea arudishiwe leseni. Walipokuja kupigana, Ali alimwita kibaraka wa Wazungu, na kabla ya pambano lao la Manila akamwita sokwe, akicheza na mwanasesere mbele ya kamera. Watoto wa Frazier walikuwa wanakwenda shule na maneno hayo. Machi 8, 1971 Frazier alimwangusha Ali raundi ya 15 akashinda kwa pointi. Ali akashinda la pili Januari 1974. La tatu, Manila, Oktoba 1, 1975, kocha wa Frazier alimzuia mtu wake asitoke kwenda raundi ya mwisho, jicho moja halioni. Frazier alikufa mwaka 2011. Kitabu chake mwenyewe, cha 1996, kimejaa uchungu ambao miaka haikuupoza. Ali aliomba radhi hadharani mwaka 2001, kupitia gazeti.

Ushauri wangu kwa yeyote anayesoma kitabu cha bingwa ni huu: tafuta na kitabu cha aliyepigwa. Bingwa anaweza kukumbuka vibaya mambo yake mwenyewe na hasara ikawa ndogo. Anapomsimulia mwenzake, hapo chukua kalamu uandike pembeni. Unawafundisha vijana kupigana, na kila siku mmoja wao atakuwa ndiye Frazier wa mazoezi. Wajue kwamba mtu yule aliyemkatalia serikali nzima alikuwa pia na mdomo uliomchoma mweusi mwenzake bila sababu. Mimi nampenda Ali zaidi nikijua hivyo, ingawa mapenzi yenyewe yamepata kovu.

Kuna na uongo wa aina nyingine, nitaupita haraka. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani, alitoa kitabu mwaka 2000 kuhusu kupona saratani na kushinda mbio za Ufaransa. Mwaka 2012 alivuliwa mataji yote saba kwa dawa haramu, na Januari 2013 akakiri kwenye televisheni. Katikati ya miaka hiyo aliwaita waongo watu waliokuwa wanasema kweli, wengine akawapeleka mahakamani. Baadhi ya wasomaji huko California nao wakamshtaki, wakidai waliuziwa hadithi kwa jina la ukweli. Jaji akaitupa kesi. Kitabu kama kile nacho kinasomeka, ila unakisoma kama polisi anavyosoma maelezo ya mtuhumiwa. Cha Ali hakiko huko, wala usikubali kijana wako avichanganye kwenye kapu moja.

Nimeacha kwa makusudi sura ambayo haimo kwenye kitabu chako, kwa kuwa ilitokea baadaye, na ilitokea hapa hapa mjini. Februari 1980 Rais Jimmy Carter alitaka nchi nyingi zisusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan. Akamtuma Ali kuja kuzishawishi nchi za Afrika, na kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Jambo la serikali kwa serikali limeletwa na bondia, na Mwalimu aliliona hivyo. Waandishi wa habari nao wakamuuliza Ali swali jepesi: mwaka 1976 Waafrika tuliisusia Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga kwa Makaburu, je, Marekani ilisusia pamoja nasi? Wakamkumbusha pia ni nani alikuwa anawapa silaha wapigania uhuru wa kusini. Ali akasema wazi kwamba alipotumwa hakuelezwa hayo, na kwamba huenda ametumiwa.

Sijui kama umewahi kumwona bingwa wa dunia akikubali mbele ya kamera kwamba amepigwa ngumi asiyoiona. Kwangu mimi ule mkutano na waandishi una thamani kuliko daraja la Louisville. Na unaungana na habari yetu wenyewe. Mgomo wa 1976 ulimgharimu Filbert Bayi. Alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch, Februari 2, 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza mwanzo hadi mwisho, na aliyemfuata nyuma alikuwa John Walker wa New Zealand. Montreal, bila Bayi, Walker akachukua dhahabu. Kwa hiyo Marekani ilipokuja 1980 kutuomba tususie tena, ilikuwa inaongea na nchi iliyokwisha kulipa. Tukaenda Moscow. Bayi akapata fedha kwenye mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha kwenye mita 5000, na hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki za Tanzania mpaka Paris 2024 ilipokwisha. Bayi, ambaye wengi hapa mjini sasa wanamjua kwa shule zake za Kimara na Kibaha, ameshaandika kitabu cha maisha yake kwa Kiingereza. Kitafute ukimaliza hiki, ukisome kwa macho yale yale makali.

Sasa, kumaliza au kuacha? Malizia. Umefika katikati, na nusu ya pili inapata nguvu kwa sababu mambo yake yana mashahidi wengi: makarani, mahakama, majaji wa ulingoni, kamera. Kwa vijana ningefanya hivi. Jumamosi baada ya mazoezi, kabla hawajavua bandeji, wasomee kisa cha mto kama kilivyo, unatafsiri huku unasoma. Usikiharibu kwa kukatiza. Kisha wasomee Houston. Mwambie mmoja asimame, wewe umwite jina mara tatu, na kazi yake iwe kutosogea. Waulize kipi kati ya visa viwili kingebaki kimesimama kama Ali mwenyewe asingekisimulia kabisa. Wataona wenyewe kwamba cha Houston kina karatasi za mahakama, na cha mto kina mdomo tu. Yule wa simu mpe kazi. Mpeleke Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, au kitengo cha East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aulize magazeti ya Uhuru na Daily News ya Februari 1980, aone Dar ilivyompokea Ali. Kidole kilichopekua dakika mbili kikipekua magazeti asubuhi nzima, kitarudi na adabu na habari pia.

Mbele ya wenzake mwambie alikuwa sahihi. Liseme kwa sauti, usilimung'unye. Kocha anayekubali pointi iliyopatikana kihalali hapungukiwi kitu. Baba yako mtaje vile vile: mwambie kijana kwamba kisa hicho kimo kwenye kitabu kilichochapwa na kampuni kubwa, na mzee alikitoa kama alivyokipata.

Na kuna kazi ningependa uifanye wewe mwenyewe, maana mimi sikai Mabibo. Titus Simba alileta fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Nyuma ya kila jina kama hilo kuna wazee wa ngumi wa Keko, Manzese, Magomeni na Temeke, waliopigana kwenye kumbi zilizokwisha kugeuzwa maduka, na maisha yao yamebaki vinywani mwao. Mtafute mmoja. Simu yako ina kinasa sauti, inatosha. Nenda na vijana wawili, kaa chini, usimkimbize, mwache arudie kisa mara ya pili na ya tatu, kila mara andika kimebadilika wapi. Akikuambia aliingia ulingoni mara ya kwanza bila glovu, usimbishie. Muulize tu alizovaa siku ile zilikuwa za nani.